Pedali Inawaka, Kompyuta Kimya

Ukikaa Marangu, Mwika au Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kumpelekea fundi pedali ya gitaa ni safari. Unateremka kwa daladala hadi Moshi mjini, unasubiri zamu yako, unalipa nauli ya kurudi, na mara nyingi jibu unalopewa ni kwamba pedali ni nzima. Fundi ameichomeka kwake, imelia. Ukifika nyumbani, kimya kilekile. Mtu anahitimisha kwamba pedali na kompyuta yake haviivi chungu kimoja, na kifaa cha laki kadhaa kinarudi ndani ya boksi.

Hukumu hiyo hutolewa mapema mno. Pedali na kompyuta hugombana mara chache sana. Kinachokwama huwa katikati yao. Ni umeme, ni waya, au ni ruhusa fulani ndani ya kompyuta ambayo hakuna aliyekuambia kwamba ipo. Kwa hiyo fuata njia ya sauti toka ukutani hadi kwenye skrini, bila kuruka hatua. Anayeanza na programu kabla hajaukagua umeme atashinda siku nzima akifuta na kusakinisha vitu visivyo na kosa lolote.

Hata hivyo kuna swali la kujibu kabla ya kushika waya: pedali yako ni ya aina gani? Kuwa na tundu la USB si hoja. Zipo pedali ambazo tundu hilo ni mlango kamili wa sauti: unachomeka waya mmoja, gitaa linaingia kwenye kompyuta likiwa na efekti zake. HX Stomp ya Line 6 ni ya namna hiyo, na GT-1 ya Boss vilevile. Zipo nyingine, kama G1 Four na G1X Four za Zoom, ambazo tundu la USB lipo lakini sauti haipiti hapo. Limewekwa kwa ajili ya kuhariri efekti kupitia programu yao ya Guitar Lab, kupakia programu mpya ya pedali, na kuipa pedali umeme. Ukiwa na pedali hiyo unaweza kubadilisha nyaya mwaka mzima na hutarekodi hata noti moja, wala hakuna kilichoharibika. Halafu zipo pedali ndogo za efekti moja zisizo na USB kabisa, mfano DS-1 ya Boss, ile ya rangi ya chungwa iliyotoka mwaka 1978 na ambayo bado inauzwa.

Kwa aina hizi mbili za mwisho unahitaji kifaa cha katikati, ambacho watu wa studio wanakiita saundi kadi: kiboksi chenye tundu la jeki ya gitaa upande mmoja na USB upande wa pili. Usijaribu kupita kwenye tundu la hedifoni la laptopu kwa kutumia kipunguza jeki. Tundu lile limetengenezwa kwa ajili ya hedifoni zenye maiki ndogo. Sauti itatoka nyembamba, au itapasuka, au kompyuta haitatambua kwamba umechomeka kitu. Kwenye saundi kadi, swichi iliyoandikwa INST ni ya gitaa linaloingia moja kwa moja. Ikiwa gitaa limepitia kwanza pedali kubwa yenye nguvu na taa nyekundu inawaka kila ukipiga nyuzi, izime swichi hiyo na upunguze sauti inayotoka kwenye pedali.

Sasa umeme. Hapa tutakaa, kwa sababu ndipo penye maradhi mengi ya huku kwetu.

Geuza adapta usome maandishi yake madogo. Umeme wa Tanzania ni volti 230 na hezi 50. Adapta iliyoandikwa 100–240V inafanya kazi karibu popote duniani. Ikiandikwa 120V peke yake, hiyo imetoka Marekani kwenye sanduku la ndugu. Ikiandikwa 100V peke yake, imekuja na mitumba ya Japani. Usiichomeke ukutani hata kwa kujaribu, maana itaungua, na ukikosa bahati itaondoka na pedali. Pedali yenyewe haina neno. Tafuta tu adapta nyingine inayotoa umeme uleule inaoutaka.

Na umeme inaoutaka una masharti matatu. La kwanza ni volti, ambazo kwa pedali nyingi ni 9 za DC. La pili ndilo linalowaponza watu: upande upi ni hasi. Kwenye lebo kuna mchoro wa kiduara chenye nukta katikati, na pembeni alama za kujumlisha na kutoa. Pedali nyingi za gitaa zinataka hasi iwe katikati ya pini. Adapta za ruta na za ving'amuzi, ambazo kila nyumba ina droo yake iliyojaa, kwa kawaida huwa na chanya katikati, na nyingi ni za volti 12. Pini inaingia vizuri kabisa, na huo ndio ubaya wake. Pedali yenye kinga haitawaka. Isiyo na kinga itatoa harufu.

Sharti la tatu ni miliampia. Adapta ikiwa na nyingi kuliko pedali inavyohitaji hakuna madhara, pedali itachukua kiasi chake. Ikiwa na pungufu, utaona mambo ya ajabu: taa inawaka, skrini inafifia, kisha pedali inajizima pale tu kompyuta inapoanza kuwasiliana nayo, na lawama zote zinaangukia USB. Kumbuka pia kwamba tundu la USB 2.0 la kompyuta limewekewa kikomo cha miliampia 500, na la 3.0 miliampia 900. HX Stomp huja na adapta yake ya ampia 3. Usitegemee kompyuta iilishe.

Pedali ndogo inayotumia betri ina kituko chake: nyingi huwaka pale tu jeki inapoingizwa kwenye tundu la INPUT. Ukichomeka waya wa kutokea peke yake ili ujaribu, itakaa kimya kama imekufa. Chomeka na gitaa.

Baada ya hapo sikiliza mvumo. Gitaa likiwa limetulia na sauti imefunguliwa, je, kuna ngurumo ya chini inayoendelea bila kukoma? Bonyeza uzi mnene kabisa kwenye freti ya tatu na uupige. Hiyo ni G, karibu hezi 98. Mvumo wa umeme wetu hukaa kwenye hezi 50 na 100, kwa hiyo ukisikia ngurumo inayokaribiana sana na G hiyo, ikiwa juu yake kwa unywele, basi unasikia umeme wa ukutani wenyewe. Marekani, wenye umeme wa hezi 60, mvumo wao uko kwingine, kati ya B bemoli na B. Kipimo hiki hakigharimu hata shilingi.

Ukishautambua, shika nyuzi kwa kiganja. Mvumo ukipungua sana, unatoka hewani: taa ya bei rahisi iliyo juu ya kichwa chako, chaja ya simu, transfoma ya kitu kilicho karibu. Zima kimoja kimoja, au geuza mwili ukiwa umeshika gitaa mpaka upate upande wenye utulivu. Usipopungua, chomoa chaja ya laptopu na uiache ifanye kazi kwa betri yake. Mara nyingi kelele inakata hapo hapo, hasa ule mlio mwembamba unaobadilika ukisogeza kipanya. Maana yake ni kwamba pedali na kompyuta zimeungana ardhi kwa njia mbili, na kelele inazunguka humo. Kwa kurekodi nyimbo chache, betri ya laptopu inatosha na huhitaji kununua chochote.

Tatizo hili huwa kubwa zaidi kanisani. Pedali iko madhabahuni imechomekwa kwenye kompyuta kwa USB, na wakati huohuo jeki yake inakwenda kwenye miksa iliyoko nyuma ya ukumbi, kwenye soketi nyingine, pengine hata kwenye laini nyingine ya umeme. Vyote vichomeke kwenye ekstensheni moja kama inawezekana. Ikishindikana, pitisha ule waya wa miksa kwenye boksi la DI lenye swichi ya kukata ardhi ya sauti. Usikate pini ya ardhi ya plagi, na tuachane na mtindo wa kusukumiza kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya pini mbili iingie. Plagi ya pini mbili haigusi ardhi hata ukiisukumia kalamu kumi, na ardhi ya soketi ndiyo inayokulinda wewe unayeshika nyuzi za chuma huku mdomo uko kwenye maiki. Nunua kigeuzi cha plagi.

Kwenye nyumba za juu mlimani zinazotumia sola, angalia inveta. Zile za bei ya chini hazitoi umeme wa wimbi laini. Hutoa wimbi la ngazi-ngazi, na pedali yenye efekti kali inalikuza likawa kama nyuki ndani ya mzinga. Hakuna mpangilio wa kompyuta utakaoliondoa. Ikiwa pedali yako inakubali betri, kama GT-1 au G1 Four ambazo zote hula betri nne za AA, rekodi kwa betri. Gharama yake ni ndogo kuliko ya inveta mpya.

Na kitochi je? Simu inayotumia mtandao wa 2G ikiwekwa juu ya pedali hutoa ile titititi, titititi sekunde chache kabla haijaita. Iweke mbali. Mwambie na mpiga besi.

Umeme ukiwa sawa, shika waya wa USB. Nyaya nyingi zinazouzwa barabarani ni za kuchaji tu: ndani yake kuna nyuzi mbili za umeme, na zile mbili za kupitisha data hazimo. Pedali itawaka vizuri, kompyuta haitaona kitu. Kama waya wako ni wa kichwa kidogo au wa Type-C, uchomeke kwenye simu na kompyuta. Simu ikichaji lakini mafaili yake hayafunguki kwenye kompyuta hata ukichagua kuhamisha mafaili, waya huo ni wa kuchaji, na huo ndio mchawi wako. Ikiwa pedali ina tundu la mraba, usihangaike: ni waya uleule wa printa, na kila steshenari yenye mashine ya kuchapisha inao. Usivuke mita 5. Usipitie kwenye kigawanyio cha USB wakati unatafuta tatizo, chomeka moja kwa moja, na ukishindwa hamia tundu la upande wa pili wa laptopu. Matundu huchoka, na vumbi letu la kiangazi linaongezea.

Sasa tu ndipo tunaifungua kompyuta. Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, kisha M. Itatokea orodha ya vifaa vyote. Ukiwa umeiangalia, chomoa pedali na uichomeke tena. Orodha ikitikisika na jina jipya likatokea, waya na tundu vimepita mtihani. Isipotikisika kabisa, rudi kwenye waya, usipakue chochote. Jina likitokea na alama ya pembetatu ya njano, kompyuta imeiona pedali lakini haina draiva, yaani programu ndogo ya kuzungumza nayo kwa lugha yake.

Draiva ichukuliwe kwenye tovuti ya aliyetengeneza pedali, si kwingineko, na uangalie kwamba ni ya toleo la Windows ulilonalo. Baadhi ya watengenezaji, Boss wakiwemo, wanataka draiva iingie kwanza ndipo pedali ichomekwe. Ukiwa ulitanguliza waya, chomoa, futa jina lililojiandikisha kwenye ile orodha, sakinisha draiva, washa kompyuta upya, kisha chomeka. Wenye Mac wana nafuu kidogo, kwani pedali nyingi hutambulika bila kuongezewa kitu.

Halafu jaribio ninalolipenda kuliko yote. Bonyeza Windows na R, andika mmsys.cpl, gonga Enter. Kichupo cha pili kinaonyesha milango ya kuingizia sauti, kila mmoja na kipimo chake pembeni. Piga nyuzi. Kipimo cha pedali kikipanda rangi ya kijani, sauti imeshafika ndani ya kompyuta, na tatizo lililobaki ni la programu ya kurekodi peke yake. Umeligawa pori zima kwa mstari mmoja. Kisipopanda wakati taa za pedali zinaonyesha kwamba gitaa linasikika, tafuta ndani ya pedali mpangilio wa sauti ya USB; huenda imeshushwa hadi sifuri.

Hapo kwenye mmsys.cpl utakutana pia na maelezo ya jambo linalowatia watu hofu: baada ya kuchomeka pedali, laptopu inakuwa bubu, hata muziki hausikiki. Haijaharibika. Kompyuta imeichagua pedali kuwa spika yake, na muziki wako unatoka kwenye tundu la hedifoni la pedali. Chomeka hedifoni huko, au rudisha spika za laptopu kwenye kichupo cha kwanza.

Kipimo kinapanda lakini programu haisikii? Kwanza ruhusa. Windows 10 na 11 zina ukurasa wa faragha wa maiki wenye swichi za kuruhusu programu zitumie maiki, na kwa kompyuta gitaa lako nalo ni maiki. Swichi ikiwa imezimwa, programu inapokea kimya bila kukupa onyo. Mac nazo zimekuwa zikiomba ruhusa hiyo tangu Mojave ya mwaka 2018. Aliyebonyeza kukataa siku ya kwanza bila kusoma anavuna leo. Kisha ndani ya programu chagua jina la pedali kwa kuingiza sauti, maana wengi hurekodi maiki ya laptopu bila kujua. Dalili yake ni kwamba unasikia gitaa kwa mbali pamoja na jogoo wa jirani. Kwenye Audacity, ambayo ni ya bure, chagua mfumo wa WASAPI. Kwenye Reaper, inayokupa siku 60 za kujaribu, chagua ASIO na draiva ya pedali. Isipokuwepo, ASIO4ALL ya bure hufanya kazi hiyo.

Linganisha pia kiwango cha sampuli, yaani sauti inapimwa mara ngapi kwa sekunde. GT-1 hufanya kazi kwa 44.1 kHz, HX Stomp ndani yake ni 48 kHz. Programu ikiwekwa tofauti na draiva unaweza kupata kimya, mikwaruzo, au wimbo unaopanda na kushuka sauti kana kwamba mpigaji amelewa.

Limebaki la kuchelewa, na kwa muziki wetu hili si dogo. Gitaa la dansi huishi kwa kupishana: solo, rithimu na solo la pili, kila moja likijaza mwanya wa mwenzake. Ndugu wawili wapiga gitaa, Wilson na George Peter Kinyonga, waliotoka Tanga, wakapiga na Arusha Jazz na kisha wakavuka kwenda Kenya kuanzisha bendi ya Simba Wanyika mwaka 1971, walijenga mtindo wao wote juu ya kupishana huko. Rithimu ikichelewa kidogo tu, jengo linaegemea upande. Kwenye kompyuta kuchelewa kunatokana na bafa, yaani fungu la sampuli linalokusanywa kabla ya kusogezwa mbele. Bafa ya 1024 kwa 44.1 kHz ni milisekunde 23, sawa na kumsikiliza mwenzako akiwa umbali wa mita 8, na hiyo ni kuingia tu. Kutoka nako kuna hesabu yake. Bafa ya 128 ni chini ya milisekunde 3. Anza na 128. Ukisikia mikwaruzo, laptopu imezidiwa: panda 256, funga kivinjari na kila kisichohitajika.

Laptopu ikiwa ya zamani sana, acha kushindana nayo. Sikiliza gitaa kutoka kwenye hedifoni za pedali yenyewe, ambako karibu hakuna kuchelewa, na uzime usikivu wa treki hiyo ndani ya programu. Ukisahau kuuzima utasikia magitaa mawili, la pili likilifuata la kwanza kama mwangwi wa bondeni.

Neno juu ya kupakia programu mpya ndani ya pedali, kwa sababu kila ukiuliza mtu atakuambia uanze na hilo. Usianze nalo. Umeme ukikatika katikati ya zoezi, pedali inaweza isiwake tena, na wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, hakuna anayekuhakikishia dakika kumi za utulivu. Likiwa la lazima, jaza chaji ya laptopu, iwekee pedali betri mpya au UPS, pakua faili lote kabla ya kuanza ili usitegemee bando, na usiguse waya hadi pedali yenyewe iseme imemaliza. Radi ikianza kunguruma upande wa Mawenzi, chomoa vyote na usubiri kesho.

Asiye na kompyuta asikate tamaa. Pedali inayotambulika bila draiva mara nyingi hukubali simu ya Android kupitia kiunganishi cha OTG, mradi pedali ina umeme wake yenyewe na simu iwe imeruhusiwa OTG kwenye mipangilio. Utaratibu ni uleule: umeme, waya, kisha ruhusa ya maiki kwenye programu ya kurekodi.